Nilivyotenganisha kazi ya kiwanda na kazi ya keekee kwenye Winchester ya 1892

Jirani yangu hapa Colorado, mama mjane, aliachiwa na mumewe bunduki ya Winchester, toleo la 1892. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshaiona na kumwambia imechezewa mno, mkusanyaji hawezi kuitaka, akataja bei ndogo. Mama anajua ninavyozipenda bunduki hizi za wenzo, yaani mpini wa chini unaosukumwa ili kuingiza risasi nyingine, basi akanipigia simu kabla ya kukubali.

Kwa haraka ungeweza kumwelewa yule mnunuzi. Bunduki ya kawaida ya toleo hili ina mtutu wa inchi 24, na chini yake magazini, bomba la kuwekea risasi, inayokwenda mpaka karibu na mdomo. Hii ilikuwa fupi. Mtutu wake ni wa pembe nane nusu ya kwanza, kisha unakuwa wa duara. Magazini inaishia pale mbao ya mbele inapoishia. Kitako kina bamba bapa kama la bunduki ya marisau, badala ya lile lililopinda kama mwezi mchanga. Ubavuni kuna matundu mawili yaliyozibwa kwa skrubu, na wenzo wenyewe una kitanzi kipana kupita kiasi.

Lakini zamani zile mteja aliweza kuagiza kutoka kiwanda cha Winchester kilichokuwa New Haven, Connecticut, bunduki ya matakwa yake: mtutu mrefu au mfupi, nusu magazini, kifyatulio chepesi, mbao nzuri zaidi. Bunduki ya ajabu inaweza kuwa ndiyo ya thamani kubwa. Cha kujua ni nani aliyeibadilisha, na lini.

Nilihakikisha kwanza haina risasi, kisha nikaufunga wenzo na kuingiza ufito mdomoni mpaka ukagusa bolti, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Inchi 22. Kupima ni lazima hata kwa sababu ya sheria: tangu 1934 serikali kuu ya Marekani inadhibiti bunduki ndefu zilizofupishwa mtutu, na mpaka wa leo ni inchi 16. Winchester walitengeneza pia chache fupi sana za inchi 14 na 15, na wapo walioshika msumeno ili kuziiga.

Kisha nikaigeuza. Hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Bunduki ya magazini kamili ina mfuo uliochongwa chini ya mtutu, karibu na mdomo, wa kushikia pete ya magazini. Mtu akiikata magazini baadaye, mfuo ule unabaki, au kinabaki kiraka kilichouziba. Huu mtutu ulikuwa laini kabisa. Haukuwahi kubeba magazini kamili. Mbao nayo ilikuwa imeinuka kidogo kuliko chuma pale inapokutana nacho, jinsi kiwanda kilivyoiacha. Mbao iliyopigwa msasa hushuka chini ya chuma, na kidole kinahisi mara moja.

Jambo moja lilinisumbua: mtutu ulikuwa na herufi WP ndani ya umbo la yai. Alama hiyo ya kiwanda, ya kuonyesha kwamba bunduki imejaribiwa, ilianza kugongwa mwaka 1905, na kwa namba yake bunduki hii ilikuwa ya miaka ya 1890. Basi mtutu uliwekwa baadaye? Na nani?

Jibu lilikuwa Cody, Wyoming, katika Buffalo Bill Center of the West, ambako kumbukumbu za Winchester zimehifadhiwa. Kwa toleo la 1892 wanazo za namba 1 hadi 379,999. Unalipa ada, unapeleka namba, wanakuandikia barua ya kile kilichomo daftarini. Yetu ilisema: mtutu wa inchi 22, nusu pembe nane, nusu magazini, kitako bapa. Mwisho wa mstari kulikuwa na maelezo kwamba ilirudishwa kiwandani kutengenezwa, miaka kadhaa baada ya 1905. Daftari halisemi walitengeneza nini, ila alama ya WP sasa ilikuwa na maelezo ya kuridhisha. Mama aliposomewa barua ile alilia.

Wenzo mpana haukuwamo. Kitanzi kilikuwa na mshono wa kulehemu kwa ndani, na ninaamini ulitengenezwa kutokana na homa ya televisheni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, mwigizaji Chuck Connors alipokuwa akizungusha Winchester ya 1892 yenye kitanzi kama hicho. Matundu ya ubavuni nayo ni ya keekee ya mtu aliyetaka kufunga kilengeo cha kisasa. Hayo hayafutiki. Kuyajaza kwa kulehemu na kuipaka rangi upya kungeua zaidi kuliko kuponya, kwa hiyo nilimsihi mama asiruhusu fundi yeyote kuigusa. Wenzo tu ndio tuliobadilisha, kwa kuwa hufunguliwa bila kuumiza chuma. Nilipata wa zamani wa toleo lilelile.

Yapo mabadiliko ya nje ya kiwanda yanayopandisha bei, nami nayaheshimu sana: vitako ambavyo Wahindi Wekundu wa nyanda za Marekani walivifunga kwa ngozi mbichi na kuvipamba kwa misumari ya shaba. Lakini hizo zimeghushiwa kwa wingi. Bila ushahidi wa mkono zilikotoka, usilipie misumari.

Mama aliiuza kwa mkusanyaji aliyeisoma barua mara mbili kabla ya kugusa bunduki. Matundu yalipunguza bei, na tulimwonyesha sisi wenyewe kabla hajauliza. Hata hivyo alilipa bei iliyoiacha mbali ile ya mnunuzi wa kwanza. Wenzo wa kitanzi kipana alipewa pia, ndani ya mfuko, pamoja na barua ya Cody.