Hoteli isiyo na bango

Teksi ilipita mlango mara mbili. Dereva alikuwa akitafuta bango, na bango lenyewe halikuwepo: namba ya jengo tu, kibati cha shaba kama kiganja, na bawabu aliyesimama kama anayemngoja nduguye. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, una hakika hapa si nyumbani kwa mtu?"

Hakika nilikuwa nayo, maana nilikuwa nimewauliza maswali mpaka nadhani walinichoka. Mama hulala mapema na usingizi wake ni mwepesi. Kazi yangu mimi ni ya usiku, kompyuta na simu. Tungelala chumba kimoja tungegombana. Ndiyo maana nikatafuta hoteli ambayo kila mgeni hupewa sebule yake. Kumbe zipo hoteli ambazo hata chumba kimoja kirefu chenye kochi pembeni, bila ukuta wowote katikati, huita chumba chenye sebule. Picha hazikuambii, mpiga picha anajua pa kusimama. Nikaipigia hoteli yenyewe na kuuliza: kati ya kitanda na kochi kuna mlango unaofungwa? Aina mbili za kwanza za vyumba vyao, hapana. Nikachukua ya tatu, nikaomba iwe mbali na lifti.

Nilipoteleza ni kwenye amana. Mbali na bei ya chumba, walizuia kiasi kingine kwenye kadi yangu kwa ajili ya matumizi ya ndani. Fedha hiyo hailipwi, inashikwa tu, na ukiondoka benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia. Nami nilikuwa nimewapa kadi ya akaunti ninayoitumia kila siku! Jioni ile nikakwama dukani, salio halitoshi. Ningewapa kadi ya mkopo, pesa yangu ya matumizi isingeguswa.

Usiri wao ni wa kweli. Namba ya chumba haikutamkwa, iliandikwa ndani ya bahasha ya funguo. Lifti haisogei mpaka uiguse kwa kadi. Kaka yangu alipopiga simu mapokezi kumuulizia Mama, walimjibu kwa upole kwamba hawawezi kusema kama yupo au hayupo, ila ujumbe wataupokea. Akanipigia akihema, akidhani tumepotea. Nikashuka kuandikisha jina lake, na tangu hapo simu zake zikaunganishwa.

Usiku wa mwisho niliomba bili niisome kabla ya asubuhi. Ilikuwa na vinywaji sita ambavyo hakuna aliyevinywa. Mama alikuwa amevitoa kwenye friji ili dawa yake ya macho ipate nafasi, na friji ile huhesabu chupa ikiinuliwa tu. Nilipomweleza mhudumu alivifuta bila kuuliza swali la pili, kisha akapandisha friji nyingine, tupu, kwa ajili ya dawa. Kumbe walikuwa nazo siku zote.