Lafudhi ya nani? Nilivyoingia uigizaji Los Angeles nyuma ya Unni

Kila nikirudi Tanga hakosi mtu wa kuniuliza nilipenyaje kwenye uigizaji kule Los Angeles, na nani alinishika mkono. Huwajibu ukweli: nilipitia dukani kwa dobi. Aliyenishika mkono ni binti wa Kikorea niliyekuwa nikimwita Unni, na nisipoeleza njia yake yeye, yangu haielezeki.

Tulifika Marekani mwaka 2004, mimi nina miaka 11, baada ya baba kushinda bahati nasibu ya viza. Nyumbani baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Los Angeles akawa anaegesha magari ya wageni hotelini, na mama akapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Tulipanga vyumba viwili Koreatown, karibu na barabara ya Olympic. Jina la mtaa ni la Wakorea, lakini kwenye ngazi zetu ulikuwa ukipishana na watu wa Mexico, El Salvador na Bangladesh. Chini ya jengo, upande wa barabarani, ndipo lilipokuwa duka la udobi la kina Unni.

"Unni" ndivyo msichana wa Kikorea anavyomwita dada yake mkubwa. Kwao aliyekuzidi umri haitwi jina tupu. Hilo halikunipa taabu hata kidogo. Siku ya kwanza nimetumwa kuchukua sare ya baba, nilimpa mama yake tiketi kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama nilivyomwamkia bibi miaka yote. Yule mama akasita, akamwambia mumewe neno kwa Kikorea. Unni akanitafsiria: "Anasema wewe umelelewa." Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa pale dukani.

Duka hilo lilikuwa la pili. La kwanza liliungua Aprili 1992, katika ghasia zilizozuka baada ya mahakama kuwaachia polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi. Wakorea wa Los Angeles wanaziita siku zile Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa, tarehe 29 mwezi wa 4. Maduka ya Wakorea yaliyoporwa au kuchomwa yalizidi 2,000. Unni alikuwa na miaka sita. Alichokikumbuka zaidi ni wiki zilizofuata: baba yake amekaa mezani na kijitabu cha tiketi, anawapigia simu wateja mmoja mmoja kuwaambia nguo zao zimeungua na kwamba atawalipa. Bima aliyokuwa akiikatia kila mwezi haikulipa kitu.

Walisimamaje tena? Kwa gye. Aliponieleza gye ni nini nilicheka kwa furaha, maana ni upatu! Watu wanaoaminiana wanachanga kila mwezi, mmoja anabeba chungu chote, mwezi ujao anabeba mwingine. Wakorea wengi wa Marekani walifungua biashara kwa fedha za namna hiyo, bila kukanyaga benki. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Mwaka 1994 Margaret Cho, binti wa wahamiaji wa Kikorea aliyezaliwa San Francisco, alipata kipindi chake cha vichekesho kwenye televisheni ya taifa zima, kuhusu familia ya Kikorea. Unni aliniambia jioni hizo duka lilifungwa mapema. Kilidumu msimu mmoja tu. Baadaye Cho mwenyewe alisimulia jinsi alivyobanwa apunguze unene kwa ajili ya kamera mpaka figo zikamsaliti. Mama yake Unni alibaki na hilo moyoni: binti wa watu kapewa nafasi, kisha wamemuumiza. Kwa hiyo Unni alipoanza kuigiza shuleni, mama hakumkataza, ila alimwambia dawa ndiyo kazi. Akamwandikisha masomo ya kumpeleka kwenye ufamasia.

Alisoma miaka miwili, na karibu muda wote huo aliwadanganya. Mchana chuoni, jioni aliwaaga kuwa anakwenda maktaba, kumbe yuko Little Tokyo, kwenye ukumbi wa East West Players, anapokea tiketi mlangoni ili aangalie maonyesho bure. Kikundi hicho kilianzishwa mwaka 1965 na waigizaji wenye asili ya Asia waliochoka kupewa uboi na ujasusi kwenye filamu. Miongoni mwao alikuwamo Mkorea, Soon-Tek Oh. Mpaka leo Unni hutamka jina hilo kwa heshima anayowapa wazee wa ukoo.

Ukweli ulipojulikana, mwaka 2006, nyumba ilinuna wiki nzima. Nguo zilikuwa zikizunguka kwenye reli yake ya dari, mashine ya pasi inapumua mvuke, na watu watatu wanafanya kazi bila kusemezana. Mimi nilikuwa nyuma, navisha nguo nailoni. Ndipo Unni akaja na mpango aliouiga kwa mwigizaji Sandra Oh. Huyu ni binti wa Wakorea waliohamia Canada. Alikataa ufadhili wa kusomea uandishi wa habari akaenda shule ya taifa ya maigizo Montreal, akawaahidi wazazi wake kwamba atajaribu miaka michache, ikishindikana atarudi chuo. Unni akasema: nipeni miaka mitatu. Akafungua daftari lile lile la aina wanayoandikia madeni ya wateja. Kila usaili aliokwenda akauandika: tarehe, aliigiza nini, walimjibu nini, nauli kiasi gani, amelipwa kiasi gani. Daftari likakaa kaunta, mama yake alifungue wakati wowote apendao.

Miaka mitatu ilipoisha, mwaka 2009, mapato yalikuwa ya kusikitisha. Mama alivaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa, mteja anasubiri. Akalifunga. "Ongeza mwaka mmoja," akasema.

Naamini kilichomwokoa ni kwamba hakuna kilichofichwa tena. Yule mama alikuwa anajua hesabu za kupoteza, za kuanza upya, za mwezi mbaya. Alichokuwa hakijui ni sanaa, na daftari lilimwekea sanaa kwa lugha yake.

Sasa niseme la lafudhi, maana ndilo nilijifunza kuliko yote.

Katika mwaka ule wa nyongeza Unni aliitwa kwenye usaili wa kuwa mke wa mwenye duka. Akasoma mistari yake. Wakamwambia: vizuri, sasa weka lafudhi. Akaweka kidogo. Zaidi. Akaongeza. Zaidi. Alirudi dukani uso umemvimba, akakaa chini ya makoti ya watu, hasemi. Baba yake alipomtoa maneno aliuliza swali moja tu: "Lafudhi ya nani?"

Lilikuwa swali la dhati. Yeye ni mtu wa Busan, kusini, na Kikorea cha huko sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, si kama cha Seoul. Mkewe ni wa Jeonju, anavuta maneno kwa upole. Kikorea hakina "f", kwa hiyo kahawa kwao ni "kopi". Neno la Kiingereza likiishia kwa konsonanti kama "s" hulitilia irabu, kwa hiyo "bus" linakuwa "bosu". Nilipolisikia hilo nilimwambia Unni, na sisi vivyo hivyo, ndiyo maana tunasema basi, benki, koti. Na Kiingereza cha baba yake kilikuwa na Kihispania ndani, kwa kuwa wafanyakazi na nusu ya wateja walizungumza Kihispania. Mtu huyo mmoja alikuwa na sauti ambayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Kwa mwezi mzima Unni aliweka simu kaunta ikimrekodi baba yake akihudumia. Usiku tulikaa sakafuni kati ya nguo zilizoning'inia, harufu ya dawa ya kusafishia imejaa (California sasa imeipiga marufuku kwa madobi), nasoma mistari ya upande wa pili naye ananijibu kwa sauti ya baba. Hakuigeza apate kuchekesha. Alitafuta pale anapovuta pumzi, pale anapotumia "okay" kumaliza ubishi. Usaili uliofuata wa mama mwenye duka aliingia nayo, na walipomwomba aongeze alijibu kwa adabu kwamba huyu ni mtu wa Busan aliyekaa Los Angeles miaka 20, hivi ndivyo anavyosema. Akapewa nafasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza mtu mwenye jina. Ada ya kuingia chama cha waigizaji ililipwa na zamu ya mama yake kwenye gye.

Mimi nilikuwa nasomea uuguzi chuo cha mtaani nilipomwambia baba, mwaka 2013. Unni alinionya: usidanganye hata siku moja, mimi nilipoteza miaka miwili. Nilimsubiri baba atoke kazini, nikamwamkia, nikaketi.

"Baba, nataka kuacha uuguzi."

"Ukafanye nini?"

"Niigize."

Akavua viatu taratibu. "Kwa mwaka itakuingizia nini?"

"Sijui. Lakini kila senti nitaiandika, utaisoma mwenyewe."

Nikampa daftari tupu. Mwalimu ni mwalimu tu. Alilipiga mistari kwa rula kabla ya kuniruhusu.

Nilianza kama ekstra. Unajiandikisha Burbank, kisha unaitwa: leo mpita njia, kesho mgonjwa kwenye benchi. Unatembea korido ile ile mara 15, unaongea na mwenzako midomo tu bila sauti, na kamera huitazami. Kwa wasio wanachama, wakati huo njia moja ya kupata sifa ya kujiunga na SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, ilikuwa kufanya siku tatu za kazi ya ekstra kwa mkataba wa chama, kila siku na hati yake. Hati ya kwanza niliipata baada ya miaka miwili, mwanachama mmoja aliposhindwa kufika. Ya pili ikafuata haraka. Ya tatu ilichukua miezi 14, na hapo ndipo nusura nikate tamaa. Siku hizo nilijifunza kutokuondoka: kufika kabla ya saa, kukaa karibu na anayegawa nafasi bila kumsumbua, kuvaa viatu visivyolia.

Ada ya kujiunga ilikuwa dola 3,000, na sikuwa nazo. Mama yangu alikuwa kwenye upatu wa wanawake kumi, wa Tanzania, Kenya na Burundi, kila mmoja dola 300 kwa mwezi. Piga hesabu. Zamu yake ilikuwa ya nane. Akamwendea mama mmoja wa Kigoma mwenye zamu ya tatu, wakabadilishana. Alinikabidhi zile noti kwenye bahasha ya hospitali, imekunjwa ndani ya kanga, akasema tu, "Shika, mwanangu. Usizihesabu mbele za watu."

Januari 2019, Jumapili, duka limefungwa, tulikaa na kina Unni kutazama tuzo za Golden Globe. Sandra Oh alikuwa mmoja wa washereheshaji wawili, na akashinda. Akiwa jukwaani aliwaambia wazazi wake, waliokuwamo ukumbini, kwa Kikorea kwamba anawapenda. Baba yake Unni aliinuka akaenda kuzima pasi iliyokwisha kuzimwa.

Miezi michache baadaye nikaitwa usaili wa muuguzi msaidizi kutoka Afrika, mistari sita. Kwenye karatasi wameandika: lafudhi ya Kiafrika. Nilijua swali la kujiuliza. Nikachagua Kiingereza cha mama, Kiingereza cha mtu wa Tanga aliyejifunza utu uzima kwa kuwaogesha wazee wa Kimarekani usiku, chenye "my dear" ambayo ni "mpenzi" ya kwetu.

Nilikuwa jikoni nafanya mazoezi, mgonjwa wa kwenye mistari anakataa dawa, mimi namkaripia. Sikujua mama ameamka. Alisimama mlangoni na kanga yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni mimi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hapo umekosea. Mimi nisingepandisha sauti. Saa kumi ya alfajiri mtu hana nguvu hiyo." Akachukua kikombe, akanisogezea kama anavyomsogezea mgonjwa, kwa mikono miwili. "Ningekaa kitandani kwake kwanza. Ndiyo niseme."

Nikaketi. Nikasema upya, polepole, naye akanisahihisha neno la tatu.

Siku ya usaili niliomba kiti.