Kumfuata Mwalimu de Waard hadi Middelburg

Treni ilitushusha Roosendaal, Uholanzi. Reli ya kwenda jimbo la Zeeland ilikuwa kwenye matengenezo, tukaambiwa tusubiri basi, na basi likachelewa mpaka vidole vikafa ganzi. Choo cha kulipia. Chai ya kikombe kidogo, pesa ambayo kwetu Tanga ningekula wali samaki nikashiba. Nikalalamika kwa Kiswahili, kwa sauti. Mzee mmoja pale kwenye benchi akaniuliza kwa Kiingereza ninakwenda wapi kwenye baridi hiyo.

Nikamjibu: Middelburg, kwa ajili ya Cornelis de Waard, mwalimu aliyelifufua daftari la mwanasayansi aliyesahaulika.

Yule mzee alinishika mkono. Kumbe alifundisha hisabati Vlissingen mpaka kustaafu, mji uleule aliofundisha de Waard, na hakutegemea kusikia jina hilo kwa mtu aliyetoka Afrika. Basi lilipofika tulikaa pamoja, hatukunyamaza njia nzima.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba kitu kikishaanza kwenda huendelea kwenda mpaka kizuiwe, na pembeni naandika Newton, 1687. Miongo mingi kabla yake, wazo hilo lilikuwa tayari kwenye daftari la Isaac Beeckman, mzaliwa wa Middelburg wa mwaka 1588, fundi wa mishumaa na mabomba ya maji. Alidhani hata mwendo wa mduara hujiendeleza wenyewe, na hapo hakupata. Lakini Novemba 1618, mjini Breda, ndiye aliyemtia Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, kijana askari wakati huo, hamu ya kuieleza fizikia kwa hesabu. Alifariki 1637, na daftari likasahaulika.

De Waard alilikuta mwaka 1905 katika maktaba ya jimbo, Middelburg. Alichapisha juzuu nne, ya kwanza 1939, ya mwisho 1953. Katikati yake, Mei 1940, mji uliungua kwa vita na daftari lenyewe likaharibika vibaya. Mzee aliposimulia hapo sauti ilimkwama. Nami koo lilinikaba, maana najua jioni ya mwalimu ilivyo: rundo la kusahihisha, macho yamechoka. Mtu wa kazi hiyohiyo ndiye aliyemrudisha Beeckman duniani.

Middelburg nimeuona kwa haraka. Mnara wa Lange Jan, nyumba nyingi zilizojengwa upya baada ya moto, upepo usio na huruma. Chumba kilikuwa ghali na blanketi jepesi.

Sikulala. Nilimfikiria mwalimu wetu wa fizikia, marehemu sasa, aliyekuwa akipima mvua na maji kujaa na kupwa, akiandika kila siku kwa wino wa bluu. Alipofariki, baadhi ya madaftari yale niliyaona kwa muuza karanga, kurasa zimeviringwa. Nilikuwa kijana, nikala karanga nikaenda zangu. Nani anajua mle mlikuwa na nini kuhusu pwani yetu!

Asubuhi nikampigia binti yake, Pongwe. Dada anasema lipo sanduku moja la baba darini, hajawahi kulifungua, na mchwa wameanza ukutani. Nimemwomba alishushe leo hii, alikung'ute, aliweke juu ya meza. Shule zikifungwa nitafika.