Jinsi nilivyoacha kuzama kama nanga Ziwa Tanganyika

Kuzamia nilijifunzia Zanzibar, mkanda wenye kilo 8 za risasi (madini mazito ya kunizamisha) kiunoni. Niliporudi Kigoma nikaingia ziwani na kilo zilezile, nikashuka kama nanga. Kila nikitaka kutulia kwenye mawe nitazame samaki, mapezi niliyovaa miguuni yanatibua tope, sioni hata kiganja changu. Nikijaza hewa kwenye jaketi langu la kuelea napaa, nikiitoa nazama. Mtungi wa hewa ukaisha mapema mno.

Nikampigia kaka aliyenifundisha. "Mdogo wangu, hayo si maji ya chumvi," akasema. Bahari hukubeba zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Mimi na vifaa vyote tuna kilo 100 hivi, kwa hiyo nikapunguza kilo 2.5. Kisha nikajipima nikielea, mtungi ukikaribia kuisha, jaketi tupu, pumzi ya kawaida: maji yakaishia usawa wa macho. Barabara!

Akanikumbusha na jambo zito zaidi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa hukandamiza kidogo kuliko pwani, hivyo majedwali ya baharini ya kina na muda salama wa kuzamia hayafai. Sasa saa yangu ya kuzamia, inayonihesabia kina na muda huo, nimeiweka kwenye mwinuko wa ziwa.

Jana nilielea juu ya jiwe, samaki wakila mwani mbele ya uso wangu, maji maangavu.