Nilimkuta Najashi jangwani

Tulitoka Amman, mji mkuu wa Jordan, alfajiri, watu sita na kiongozi mmoja wa makamo ambaye tangu salamu ya kwanza alimwita mama "Hajjah". Mama alifurahi, na mimi nikajua siku itakuwa njema.

Kwa mbali Qasr Kharana ni ngome kamili: kuta nene za mraba, minara pembeni, matundu membamba. Nikasema bila shaka hapo ndipo mishale ilipotokea. Kiongozi akanipeleka chini ya tundu moja. "Haya, ukhti, piga." Nikanyoosha mkono, wapi! Yako juu mno. Ni ya kuingiza hewa na mwanga, na nyumba yenyewe inadhaniwa ilikuwa mahali ambapo wakubwa wa Banu Umayya, ukoo wa makhalifa wa zama hizo, walikutana na makabila ya jangwani. Ghorofani kuna maandishi ya wino ya Muharram mwaka 92 Hijria, yaani 710: mtu anamwomba Mungu amsamehe dhambi zake. Mama akaitikia "Amin", kama vile aliyeomba yuko chumba cha pili.

Azraq tulipita haraka. Ngome ya mawe meusi ya volkano, mlango wa jiwe tupu ambao bado unazunguka. Lawrence, yule afisa Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikaa humo majira ya baridi ya 1917. Wenzetu walipiga picha nyingi; mimi akili yangu ilikuwa Qusayr Amra, tuliyoiacha kwa ajili ya kurudi.

Kwa nje ni kijumba tu, na kisima kando. Ndani ni hamamu iliyojengwa na Walid bin Yazid kabla hajawa khalifa mwaka 743, na kuta zimejaa rangi: wawindaji, wanawake wanaooga (hapo mama aliinamisha macho), kuba lenye nyota na buruji za mbinguni. Shingo iliniuma kwa kutazama juu na sikutaka kutoka.

Kisha kiongozi akatuonyesha ukuta wa magharibi. Wafalme sita wamesimama, mikono wameinyoosha, nyuso zimefifia sana. Akatoa nakala ya mchoro uliochapishwa 1907, akataja wanne ambao majina yao yaliandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu: Kaisari wa Rumi, Rodorik wa Andalusia (Hispania), Kisra wa Uajemi, Najashi wa Uhabeshi.

"Najashi wetu?" mama akauliza. "Aliyewapokea Waislamu wa mwanzo?"

Nikamwambia Najashi ni cheo cha kila mfalme wa Uhabeshi, huenda si yule.

"Hata kama si yule, mwanangu, ni wa nyumba ile ile."

Akasogea karibu na ukuta kadiri alivyoruhusiwa. Wenzetu walishatoka, dereva anawasha gari. Kiongozi hakutuharakisha. Kwa sauti ya chini mama alianza Surat Maryam, ile ambayo Jaafar bin Abi Talib, mmoja wa Waislamu wale wa mwanzo, alimsomea Najashi hadi akalia, na kiongozi akaifuata naye aya kwa aya.