Divai ya Etna mezani kwa Baba

Juzi binti yangu alikuwa anapapasa ukuta mweusi wa nyumba ya babu yake pale Mapendo, hapa Goma, akaniuliza: "Mama, kwa nini Babu alijenga palepale volkano ilipopitia?" Nilibaki kimya, na mawazo yakanirudisha jioni ile ya chupa ya Baba Mdogo Padri.

Ya tarehe 17 Januari 2002 sirudii. Moto wa volkano yetu ya Nyiragongo ulishuka ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala katedrali yetu ya Mtakatifu Yosefu, ukaishia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Tuliporudi, kiwanja cha Baba kilikuwa jiwe tupu. Mama alitaka tutafute pengine, upande wa Keshero. Baba akashika nyundo na mtaimbo, akapasua jiwe lilelile, akainua nalo msingi na kuta.

Siku tuliyoingia, kabla hata ya kupata milango yote, Baba Mdogo alikuja na chupa aliyotoka nayo Italia alikosomea. Hatukuwa na chombo cha kuizibulia, basi akasukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko. Akamimina kwenye glasi za chai. Nilitegemea kitu cheusi na kizito, lakini ilikuwa nyekundu nyepesi, unaona vidole vya Baba upande wa pili wa glasi, na vumbi la mawe bado limeganda kwenye kucha. Baba akaonja. Uchachu kwanza, kisha ukakasi uliokaza ulimi kama ndizi mbichi. Akafumba macho.

"Hii ilikulia juu ya mawe kama haya yako, mukubwa wangu," Baba Mdogo akamwambia. Akatueleza Etna, mlima wa moto wa Sisilia. Zabibu zake zinaitwa Nerello Mascalese, na divai nyekundu ya Etna lazima iwe nazo asilimia 80 au zaidi. Sheria inayolinda jina la divai ya Etna ni ya mwaka 1968. Watu wamekata ngazi za kulimia mlimani, wakazizungushia kuta za mawe ya volkano yaliyopangwa bila sementi. Kila mzabibu wa zamani unasimama peke yake, umefungwa kwenye mti wa kuegemea, na mavuno hungoja hadi Oktoba. Jiwe linapomeng'enyuka huwa mchanga mweusi, na katika mchanga huo baadhi ya mizabibu ilisalimika wakati mdudu wa filoksera alipomaliza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1669 moto wa Etna ulifika mji wa Catania hadi baharini, na Catania ipo mpaka leo.

Baba alikuwa amesogeza kiti. Sijawahi kumwona akisikiliza mtu namna ile. Kila neno lilikuwa linampa haki.

"Na hilo jina, Mascalese?" akauliza.

"Ni la Mascali, chini ya mlima kule. Zabibu zilitoka huko."

"Mji upo?"

Baba Mdogo alisita. Mwezi wa 11 mwaka 1928, akasema, moto ulifunika karibu mji wote.

"Wakarudi kujenga?"

"Walijenga. Lakini mahali pengine."

Mama, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya sombe, akasema neno moja tu: "Mzee, umesikia?"

Hakuna aliyejibu. Chupa ikaisha, tukala, na Baba Mdogo akatubarikia nyumba chumba kwa chumba.

Nimejaribu mara nyingi kuamua nani alikuwa na haki jioni ile, nashindwa. Mizabibu inamtetea Baba, Mascali inamtetea Mama, na yote mawili yalikuwa ndani ya chupa moja. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipofunguka tena, moto ulisimama Buhene, kabla ya kutufikia. Ndipo ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, serikali ikatuamuru tuondoke, tukaenda Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi, ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa mrefu kutoka dirishani hadi chini. Mama aliusimamia, akasema, "Mascali." Baba alipima ufa kwa mkono, akamtuma ndugu yangu kununua sementi.