Udongo wa Mbooni kwenye Jeti ya Malindi

Bahari ya Malindi niliyoikuta Desemba 1997 ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama mdogo, dada yake mama aliyeolewa Shella, mtaa wa Malindi, alikuwa ameniandikia barua ndefu kunialika likizo ile, na sehemu kubwa ya barua ilikuwa sifa za maji: yanavyogeuka kutoka kijani hadi buluu jua likipanda, na jinsi mtu anavyoweza kusimama maji yakamfika kifuani na bado akaviona vidole vya miguu yake. Barua hiyo aliiandika Julai. Oktoba mvua za El Niño zikaanza, na hazikutaka kwisha.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Kutoka kwetu Mbooni, Ukambani, tulishuka kwa miguu hadi mahali matatu zilipoweza kufika, maana vilima vilikuwa vinateleza. Kutoka Emali nikapanda basi la Mombasa kwenye barabara iliyojaa mashimo na magari yaliyokwama. Ninachokumbuka vizuri ni daraja la mto Tsavo. Ilikuwa usiku, dereva akapunguza mwendo, na mngurumo wa maji chini yetu ukawaamsha waliokuwa wamelala. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaanza kusali kwa sauti. Sikujua wakati ule kwamba maji yale nami tulikuwa tunaelekea mahali pamoja.

Mume wa mama mdogo, ambaye mimi humwita baba mdogo, alikuwa na boti ya kupelekea wageni kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi kutazama matumbawe na samaki. Hifadhi hiyo ipo tangu 1968, na kuna nyumba nyingi za Shella ambazo zimesomesha watoto kwa sababu yake. Mwaka ule ulimpiga mara mbili. Agosti kulitokea ghasia na mauaji Likoni, habari zikaenea Ulaya, wageni wakaacha kuja pwani yote. Halafu wale wachache waliothubutu kuja wakakuta maji hayaonyeshi kitu. Nani atalipa pesa kutazama tope? Boti ilikuwa imevutwa juu mchangani, imefunikwa makuti, na mama mdogo ndiye aliyekuwa anaiendesha nyumba kwa mahamri na mbaazi za nazi alizouza asubuhi kibarazani. Baba mdogo akarudia kazi aliyoianza akiwa mtoto: kuchukua mshipi na kwenda jeti kutafuta kitoweo.

Siku moja baada ya sala ya alfajiri aliniambia, "Mwanangu, maji yanajaa. Twende ukaone."

Tulipita karibu na Msikiti wa Juma, penye makaburi ya kale yenye nguzo ndefu, tukafuata ufuo. Watoto walikuwa wameshaamka, wakikusanya kuni. Kuni zilikuwa nyingi ajabu: matawi, magogo mazima yaliyomenywa magome, mabua ya mahindi yaliyofungamana na nyasi, hata shina la mgomba. Niliuliza vitu hivi vimetoka wapi, kwa kuwa sikuona mgomba wowote pale ufuoni. Baba mdogo akanyoosha kidole kaskazini, upande wa Mambrui. "Mto Sabaki," akasema, akaendelea kutembea.

Jeti ilikuwa kuukuu. Nilikuwa nimetarajia kitu kama bandari, na niliyoiona ilikuwa njia ndefu nyembamba iliyosimama juu ya nguzo, imeliwa na chumvi, chuma chake kikitokeza hapa na pale kwenye saruji. Baba mdogo alinionyesha pa kukanyaga na pa kuruka. Chini, chaza walikuwa wamegandamana kwenye nguzo hadi usawa wa maji ya bamvua. Nilipenda mahali pale mara moja, na bado napapenda. Huko kwetu mtu akitaka kuona mbali hupanda kilima. Pale unatembea tu kwenda mbele, na nchi inabaki nyuma yako, na ukigeuka unaiona kama anavyoiona anayekuja. Upande wa kusini, kwenye rasi, ulionekana mnara mweupe wenye msalaba ambao unamkumbuka Vasco da Gama aliyefika Malindi 1498. Kaskazini ghuba ilijipinda, pana, na maji yake yote yalikuwa ya rangi ileile.

Wavuvi wa mshipi walikuwa wameshajipanga. Wengi walikuwa vijana ambao, kama baba mdogo, kazi zao za utalii zilikuwa zimelala. Hawakuzungumza sana. Mmoja alikuwa akikata ngisi wa chambo juu ya ubao, mwingine akifunga chubwi ya risasi kwenye mshipi kwa meno. Samaki waliotoka asubuhi ile walikuwa fumi kwa wingi, wale wenye ndevu, ambao hawaogopi maji machafu. Baba mdogo alinikataza kabisa kuwagusa. Mwiba wa fumi ukikuchoma, alisema, mkono utauma mpaka usiku. Alimkanyaga kwa kandambili, akauvunja mwiba wa mgongoni kwa koleo, kisha ile miwili ya ubavuni, ndipo akamtia kikapuni. Kila aliponasa fumi alisema "alhamdulillahi", lakini niliona macho yake yakienda mbali, nje ya ghuba, kwenye changu na tewa wa matumbawe aliowazoea.

Kwenye ncha ya jeti alikaa mzee mmoja juu ya debe lililopinduliwa. Kofia yake ya viua ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa safi. Baba mdogo alimbusu mkono, nami nikaamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sura ngeni hii. Watoka wapi?"

"Ukambani, babu. Mbooni."

Hakujibu. Alifunga mshipi wake kwenye chuma, akachukua kopo la maziwa ya unga lililofungwa kamba, akalishusha na kulipandisha likiwa limejaa. Akaliweka kati ya miguu yetu. "Litazame," akasema, "usilitikise." Kisha akaendelea kuvua.

Sijui tulikaa kiasi gani. Nilipochungulia tena maji ya juu yalikuwa yameanza kuwa safi, na chini pametuama tope laini, jekundu. Mzee akayamwaga maji polepole, akachota lile tope kwa kidole, akanipaka kiganjani.

"Wautambua?"

Niliutambua. Ulikuwa udongo uliogandamana kwenye viatu vyangu tangu Mbooni, ambao mama mdogo alikuwa ameukwangua kwa kisu siku niliyofika.

"Huu ni wenu," mzee akasema.

Uso ulinipata joto. Nilikuwa nasubiri kuingia kidato cha nne na jiografia ndiyo iliyokuwa somo langu, kwa hiyo nilijitetea kwa jiografia. Nikamwambia Athi, mto wetu, haikusanyi maji ya Ukambani peke yake. Inapokea mito inayotoka kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu, inapokea mto wa Nairobi pamoja na taka zake, na huko mbele inakutana na Tsavo, ndipo inaitwa Galana, na ikikaribia bahari inaitwa Sabaki. Ni safari ya takriban kilomita 390. Udongo ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo sikuwa nimeionyesha mimi. "Sikuambii kuwa una makosa," akasema. "Nakuambia ulipo udongo wenu, ikiwa mwautafuta."

Halafu akaanza kueleza, na baba mdogo akasogea, ingawa bila shaka alikuwa ameshayasikia. Sabaki huingia baharini kilomita kama 10 kaskazini ya mji. Wakati wa kusi, upepo huo wa kutoka kusini na mkondo huusukuma uchafu wa mto kwenda juu, upande wa Ungwana, na Malindi hupata maji yake mazuri. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwisho wa mwaka, mkondo wa ufuoni hugeuka na tope huja moja kwa moja ghubani, hadi kwenye hifadhi. Mvua za vuli na kaskazi zikikutana ndipo huwa hivi. Mwaka wa mafuriko ya 1961, alisema, maji yalikuwa mekundu kama haya, naye alikuwa kijana mwenye ngalawa yake. Lakini 1961 ilipita, bahari ikasafika upesi. Siku hizi hata mvua ya kawaida huleta tope, kwa sababu bara mmelima mpaka ukingoni mwa mto.

Alinionyesha ufuo ulivyosogea. Katika ghuba ile mchanga umekuwa ukiongezeka kwa miaka mingi, kiasi kwamba hoteli zilizojengwa zikitazama maji sasa zinatazama uwanda wa mchanga na vichaka kabla ya kuyaona mawimbi. Babu yake yeye alipakia mtama na ufuta wa mashamba ya Malindi kwenye majahazi ya kwenda Arabuni, enzi mji huu ulipokuwa ghala la nafaka baada ya Seyyid Majid, sultani wa Zanzibar, kuufufua kwenye miaka ya 1860. Yeye mwenyewe utotoni alikuwa akipiga mbizi kutoka pale tulipokaa bila kugusa chini. "Ngoja maji yatoke," akasema, "utaona watu wanapopita."

Alikuwa mwadilifu, yule mzee. Sikumsikia akisema tope ni laana tupu. Alisema kamba wadogo huupenda mdomo wa Sabaki kwa sababu ya lishe inayoletwa na mto, na mto usioleta kitu huacha bahari na njaa. Ila kipimo kimezidi. Majani ya bahari anayokula tafi yakikosa mwanga hufa, na matumbawe hayawezi kujipangusa kila siku.

Tulibaki mpaka maji yalipotoka. Ilikuwa siku ya bamvua, na bahari ilirudi nyuma sana. Nguzo za karibu na ufuo zilibaki kwenye mchanga mtupu, na wanawake wawili, mamakaranga waliokuwa wakienda kununua samaki wa kukaanga, walipita chini ya jeti na beseni vichwani bila kulowanisha kanga zao. Baba mdogo aliwaangalia wakipita. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akilalamika, na hata hapo alisema maneno machache tu: "Boti haihitaji barabara, yahitaji maji."

Niliporudi Mbooni Januari, jambo hili nilimwambia nyanya kwanza. Nilidhani atasikitika. Alikasirika. Alikuwa msichana mkubwa mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliposema Wakamba wameiharibu ardhi kwa mifugo, ikakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa. Watu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wakidai ng'ombe wao. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Alipelekwa Lamu. "Huko huko kwa samaki," nyanya akasema. "Kila mtu akiona udongo ametoka kutulaumu. Wao wenyewe walichukua ardhi nzuri wakatubana vilimani, kisha wakauliza kwa nini vilima vinamomonyoka."

Alikuwa na haki, na hadi leo nasema alikuwa na haki. Ukiwabana watu kwenye miteremko usiwashangae kwamba wanalima miteremko. Lakini yule mzee wa jeti hakuwa serikali. Hakutaka ng'ombe wa mtu. Nilimweleza nyanya kuhusu kopo, na tope lililotuama, na boti iliyofunikwa makuti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Wanakula nini, hao watoto wa dada ya mama yako?"

"Fumi," nikasema. "Na mahamri."

Kesho yake alinipeleka chini ya shamba, kule ambako matuta ya fanya juu yalikuwa yamebomolewa na mvua. Fanya juu ni matuta ya kwetu hasa: unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, si wa chini, mpaka likawa tuta, kisha unapanda nyasi juu yake kulishikilia. Maji yalikuwa yametoboa manne. Chini yake korongo lilikuwa limekula hadi kwenye mizizi ya mwembe, na korongo lile huingia Thwake, na Thwake huingia Athi. Nyanya aliita mwethya, kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi, wakaja na majembe na sepetu. Nilichimba nao hadi shule zilipofunguliwa.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia baba mdogo nikamwomba amsomee mzee barua yangu. Niliandika kwamba tuta tulizopoteza ni nne, na kwamba tatu zimeshainuliwa na kupandwa nyasi za nepia.

Jibu lilinifikia shuleni Aprili. Kusi ilikuwa inaanza na ghuba ilikuwa inasafika. Ila habari ya matumbawe ilikuwa mbaya: baba mdogo alikuwa ameshusha boti akakuta mengi yamegeuka meupe, na safari hii hakukuwa na wa kumlaumu mtoni, kwani ni maji yenyewe yaliyokuwa yamepata joto kupita kiasi, mwaka ule ule ambao matumbawe yalikufa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi. Wageni wawili watatu walikuwa wameanza kurudi. Mama mdogo alikuwa anasalimu. Na mzee alikuwa amesomewa barua yangu yote mara mbili, akasema niulizwe hilo tuta la nne mnangoja nini.